Barua ya wazi kwa vijana mnaoanza utafiti wa jeni za uzee

Wanangu,

Hongereni kwa kupata nafasi ya kusomea jeni za uzee na demensia, ule ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na akili, hapa Nairobi. Kompyuta mtafundishwa na watu wanaoijua kunishinda, kwa hiyo huko siingii. Mimi nina neno kuhusu huyo mzee mnayekwenda kumtoa damu.

Tangu 1993 inajulikana kwamba aina ya e4 ya jeni ya APOE huongeza hatari ya Alzheimer, aina ya demensia inayoonekana zaidi. Lakini Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani, na utafiti mwingi umefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Watafiti walipowalinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, waliopata Alzheimer Ibadan kila mwaka, kwa kila mia, walikuwa chini ya nusu ya wale wa Indianapolis, na e4 haikuonekana kuwa na uzito uleule. Ni chakula? Ni mishipa ya damu? Ni vinasaba vilivyo jirani na APOE? Mabishano yanaendelea, na nyinyi mna nafasi yenu humo.

Ulinganisho ule ulikuwa na maana kwa sababu pande zote mbili zilitumia kipimo kimoja cha akili na kumbukumbu, kisichomwonea asiyesoma, na jamaa wa mzee naye alihojiwa. Hapo ndipo vijana hupitia mbio. Unamwambia shosho atoe saba kwenye mia, atoe saba tena, anakutazama tu. Hakukanyaga darasa, lakini ameuza viazi Marikiti miaka na miaka na chenji hajawahi kukosea. Ukimwandika mgonjwa, umeharibu data, na hakuna programu itakayokuokoa. Muulize binti yake: anapotea njia akitoka kanisani? Anapika chai akaitia chumvi? Mbele ya mama yake, binti atasema ni uzee tu. Ngoja akusindikize hadi geti, ndipo atakwambia.

Halafu umri. Kitambulisho kinasema tarehe 1 Januari 1940. Mara nyingi hiyo ni tarehe ya karani, mama yake haijui. Kaa chini uulize: wakati wa Emajensi ulikuwa umeolewa? Bendera ilipopandishwa 1963 ulikuwa na watoto wangapi? Rika la mzee wako liliitwaje? Inachosha, najua, na chai utakunywa hata kama hukuitaka. Lakini mwenye akili timamu akiwa na miaka 70 si sawa na mwenye 85. Huyo wa kwanza anaweza kuugua baadaye, na wewe ulishamweka kwenye kundi la wazima. Macho, masikio, presha na huzuni ya kufiwa pia vipimeni kabla ya kumpa mtu jina la ugonjwa.

La majibu ndilo linaloninyima usingizi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu taarifa za jeni kuwa nyeti, na ni haki. Mzazi akiwa na hitilafu ya jeni ya PSEN1, ile inayoleta Alzheimer mapema, kabla ya uzee, kila mtoto wake ana uwezekano wa asilimia 50 kuirithi. Mtoto huyo hakusaini fomu yenu, na pengine kesho anapeleka posa. Amueni kabla ya sindano nani ataambiwa nini, na nani atakaa naye baada ya kuambiwa. Mzee akiwa hawezi tena kuridhia, anayesaini kwa niaba yake aelezwe polepole. Na mzee mwenyewe akivuta mkono, acheni, hata kama mwanawe ameshasaini.

Maswali yenu ya Kiswahili nileteeni kabla ya kuyachapisha. Tuna kikundi cha wazee kinachokutana kila Alhamisi. Nitawasomea kwa sauti, na yale watakayoyacheka nitawarudishia myaandike upya.

Mama yenu wa maabara, sasa mstaafu,
Nairobi