Barua kwa shoga yangu wa Ujiji

Sinza, Dar es Salaam

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Shemeji hajambo? Na watoto? Sisi huku wazima, mama anakusalimu sana.

Jumamosi nilikwenda Bagamoyo. Kilomita 70 hivi tu, na miaka yote hii sijawahi kufika! Nilipanda daladala Makumbusho alfajiri kukwepa foleni ya Tegeta, jioni nikawa nimesharudi nyumbani.

Nilianzia Kaole, kwa bajaji kutoka stendi. Kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13, kuta za mawe ya matumbawe, na makaburi yenye nguzo ndefu zilizokuwa zimepachikwa bakuli za Kichina. Palipokuwa bandari sasa ni mikoko mitupu. Kisima chao kipo karibu na bahari, lakini maji yake hayana chumvi. Nilinawa uso, nikakaa kivulini, hata kuondoka sikutaka.

Ila kilichonifanya nishike kalamu ni Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara ya biashara. Kijana aliyetutembeza alisema, "Misafara ya kutoka Ujiji ilikuwa inafikia hapa." Moyo ukanilipuka paa. Ujiji kwako! Ile miembe ya njia ya misafara uliyonionyesha nilipokuja, kumbe njia yenyewe inaishia huku kwetu. Zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu, miezi na miezi, pembe za ndovu mabegani, na wengine wamefungwa minyororo.

Wanasema mpagazi akifika hapa alibwaga mzigo, akabwaga na moyo, kwa kuwa safari imekwisha. Mtumwa naye aliubwaga moyo wake hapahapa, kwa sababu mbele ni jahazi la Unguja na kwao harudi tena. Jina ni hilohilo moja. Tangu siku ile kondakta akiita "Bagamoyo, Bagamoyo!" nasikia tofauti kabisa.

Boma la Wajerumani nililipita haraka, jua lilikuwa kali. Misheni ya Kikatoliki ndipo nilipokaa tena. Mwili wa Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, ulilazwa pale usiku mmoja, Februari 1874, kabla ya kuvushwa Unguja. Kila mtu anamtaja yeye. Mimi niliwawaza watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao, walioubeba kwa miezi kutoka huko ndani, Zambia ya leo. Shoga, ule ni uaminifu wa namna gani?

Mchana nilikula pweza na muhogo wa kukaanga soko la samaki, nikiangalia mashua zikiingia. Nilikukumbuka mno.

Likizo ya Desemba njoo kwa treni, ukae dirishani. Kutoka Kigoma mpaka pwani, reli ya kati inakaribia sana kufuata njia ileile ya misafara. Nitakupokea stesheni, Jumamosi inayofuata tunakwenda Bagamoyo wote wawili, na watoto pia. Nataka wewe uliyeanzia kule mwanzo wa njia usimame pale inapoishia.

Dagaa usisahau.

Ni mimi,
Shoga yako wa Sinza