Barua ya malalamiko: "inchi nne" zenu haziungani

Karakana ya Useremala,
Nyakato,
Mwanza.

Meneja wa Mauzo,
Tawi la Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MASHINE ZA MBAO NA MTAMBO WA KUFYONZA VUMBI VISIVYOUNGANA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kwenu msumeno wa meza, mashine ya randa, msumeno wa mkanda na mtambo wa kufyonza vumbi pamoja na mpira wake, yaani bomba la kunyumbuka la kupitishia vumbi. Tangazo lenu, ambalo ninalo, limeandikwa "seti kamili, vyote inchi 4, funga uanze kazi". Ankara nayo inasema hivyo hivyo. Fedha nimelipa yote, hamnidai hata senti. Lakini hadi naandika barua hii, katika mashine tatu ni moja tu inayofyonzwa vumbi ipasavyo.

Kijana wenu wa mauzo ameniomba zaidi ya mara moja "nielezee shida vizuri". Naieleza kwa milimita, na kila kipimo nimekichukua kwa venia, kile kifaa cha kupimia upana wa ndani na wa nje.

Mpira mlionipa una upana wa mm 102 kwa ndani. Mdomo wa msumeno wa meza, yaani pale vumbi linapotokea, una mm 100 kwa nje. Hapo mpira unaingia, unakaza klipu, kazi imekwisha, na mashine hiyo sina ugomvi nayo. Kichekesho ni randa. Mdomo wake umepigwa chapa ya 100, na ukipima ndani ni kweli 100, ila chuma chake ni kinene na kina ukingo, hivyo kwa nje unasoma 106. Mpira wenye waya ndani hautanuki. Tumeuloweka kwenye maji ya moto, plastiki ikalainika, waya ukabaki na duara lake lile lile. Kuuingiza mpira kwa ndani ya mdomo nako hakuwezekani, kwa sababu kwa nje wenyewe ni mpana kuliko tundu. Basi mashine inayotapika maranda kuliko zote ndiyo imekataa mpira.

Msumeno wa mkanda una mdomo wa mm 63. Hiyo ni inchi mbili na nusu, na hakuna namna ya kuipima ikafika nne.

Mtambo wenyewe una mdomo wa mm 125. Kwenye picha ya tangazo mdomo huo umevalishwa tawi lenye njia mbili za mm 100. Kwenye boksi tawi halikuwemo. Msumeno wa meza unafanya kazi leo kwa sababu fundi bati wa jirani alinikunjia faneli ya bati la geji 26, nikamlipa mimi.

Ndugu Meneja, inchi nne ni milimita 101.6, hesabu hiyo haina siri. Kinachofichwa ni inchi nne ya wapi: ya ndani au ya nje, ya mpira au ya mdomo. Mpira unaovaa juu ya mdomo hupimwa ndani, mdomo unaovaliwa hupimwa nje, na milimita nne au tano zikikosekana kati yao hakuna kinachokaa. Ukienda duka lolote la vifaa vya ujenzi hapa mjini ukasema unataka bomba la maji machafu la inchi nne, utapewa la mm 110 kwa nje. Kwa hiyo karakana yangu sasa ina inchi nne za aina tatu, na ya tatu nimeletewa na ninyi wenyewe.

Maana jibu lenu kwa malalamiko yangu ya kwanza lilikuwa riduza ya PVC ya mafundi bomba, yaani kiungo cha kupunguza upana wa njia, mm 110 kwa 63, ya kufunga kwenye msumeno wa mkanda, na ujumbe kwenye WhatsApp: "Mzee wangu, zungusha tepu, itashika." Upande mkubwa wa riduza hiyo unapokea bomba la mm 110. Mpira wangu ukiingia humo unacheza. Tepu tulizungusha, na kwa muda ilishika. Baadaye vumbi liliingia chini ya gundi, mtetemo ukamalizia, na mtambo ukaanza kuvuta hewa pembeni ya kiungo badala ya kuvuta uchafu. Ikabidi hapo kwenye kiungo tufunge kipande cha tyubu ya baiskeli, ambacho walau kilibana, ila hiyo ni akili ya fundi aliyekwama na sikubali iitwe huduma baada ya mauzo.

Kilichoniudhi zaidi ni ushauri uliofuata, kwamba nipunguze njia ya randa nayo iwe 63 "ili vyote vilingane". Aliyeshauri hivyo anauza mitambo hii bila kujua inavyofanya kazi. Mdomo wa mm 100 una eneo la sentimita za mraba 78.5. Wa mm 63 una 31 tu, yaani asilimia 40. Ili maranda yasafiri bila kutuama njiani, hewa inatakiwa kukimbia karibu mita 20 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo njia ya mm 100 inapitisha kama mita za ujazo 565 kwa saa, na ya mm 63 kama 224. Mtu anaweza kusema basi hewa itakimbia zaidi kwenye njia nyembamba ili kufidia. Ingekuwa mashine ya kusafishia mazulia, ambayo huvuta hewa kidogo kwa nguvu kubwa, hoja hiyo ingekuwa na uzito. Feni ya mtambo wenu ni kinyume chake: inasukuma hewa nyingi kwa mvuto mdogo, na ukiibana inakubali yaishe. Kuifungia riduza ya 63 mbele ya randa ni sawa na kumpa mtu uji wa dona anywe kwa mrija wa soda.

Halafu kuna ukingo wa riduza. Njia inapopungua ghafla, ndani hubaki kingo inayotazamana na hewa inayokuja. Unga wa msumeno unaweza kupita. Maranda ya mninga, marefu na yaliyojikunja, yanajishika pale, yanayofuata yanashikana nayo, na kiungo kinaziba huku kisu cha randa kikiendelea kula mbao. Tulipojaribu, ilibidi kuzima mashine na kuchokonoa kwa fito. Kiungo kinachofaa ni kile ambacho kila kipande kinaingia ndani ya kinachofuata kuelekea kwenye feni, na upana unabadilika taratibu kwa umbo la faneli. Fundi bati asiyewahi kuuza mtambo hata mmoja alilielewa hilo kabla sijamaliza kumweleza.

Jambo jingine dogo, lakini linamhusu kijana wangu aliyerushwa na shoti. Waya ulio ndani ya mpira haupo kwa ajili ya kushika umbo tu. Vumbi likisugua plastiki linazalisha umeme tuli, na waya ukivuliwa ncha na kufungwa kwenye mwili wa mashine yenye ethi, umeme huo unashuka ardhini. Kwenye hewa kavu ya Julai na Agosti unausikia kwa kidole. Riduza ya PVC katikati inakata njia hiyo. Kwenye maelekezo yenu ya kufunga hakuna hata mstari mmoja juu ya jambo hili.

Labda mnajiuliza kwa nini seremala wa Nyakato anashupalia vumbi wakati wenzake wanajifunga kanga puani na maisha yanaendelea. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka vumbi ya mbao katika kundi la kwanza, la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya tundu za pua. Mninga na mvule, mbao tunazozipenda kwa milango na samani, vumbi lake huwasha macho na koo, na wapo mafundi linaowabana kifua hadi pumu. Nina vijana ninaowaajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inanidai mimi mwajiri niwakinge. Nilikuja dukani kwenu ili nitimize hilo. Kapelo na fulana za zawadi mlizonifungia kwenye mzigo hazifyonzi kitu.

Biashara nayo inaumia. Mchana upepo wa ziwani unapoingia, vumbi lililobaki hewani linatua kwenye vanishi mbichi, na mlango uliokwisha kung'aa unarudi kwenye msasa. Wafugaji wa kuku wanaochukua maranda kwangu kwa viroba wananilaumu, kwa sababu maranda ya kukusanya kwa fagio yamechanganyika na unga laini na wanasema vifaranga wanakohoa. Walitaka maranda masafi ya randa peke yake, yaliyovutwa moja kwa moja kwenye mfuko. Nami niliwaahidi hivyo nikitegemea tangazo lenu.

Sasa nasema ninachotaka.

Kwa randa, naomba kiungo cha chuma, si plastiki, chenye upande mmoja wa kuvaa juu ya mm 106 na upande wa pili wa mm 100 kwa nje ili mpira uingie. Kwa msumeno wa mkanda sitaki riduza yoyote. Nataka bati la kufunga chini ya meza, karibu na pale msumeno unapotokea kwenye mbao, lenye mdomo wa mm 100. Kama hamna, nirudishieni gharama ya kutengenezesha hapa. Nimepata bei kwa fundi bati na nimeiambatisha. Kwa sasa pete ya mbao ya mkongo niliyoikereza mwenyewe ndiyo inayoshika mpira kwenye tundu lile la 63, na kwa jinsi hewa inavyobanwa pale, nusu ya unga bado inaishia sakafuni. Kwa mtambo, naomba tawi lililo kwenye picha, pamoja na fedha ya faneli. Riduza yenu chukueni, mafundi bomba watafurahi nayo.

Na tangazo lirekebishwe. Kila mdomo uandikwe kwa milimita, na isemwe ni ndani au nje. Hiyo haiwagharimu chochote, na mteja wa Sengerema au Ukerewe anayeagiza kwa simu hana nafasi ya kuja dukani na venia mkononi. Mizigo ikishavuka ziwa, kuirudisha ni gharama nyingine.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. "Vyote inchi 4" ni maelezo yenu, mmeyaandika kwenye tangazo na kwenye ankara. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, si ujumbe wa sauti. Nisipolipata, nitapeleka barua hii na viambatisho vyake Tume ya Ushindani, FCC.

Msimamizi wenu wa ghala, niliyezungumza naye wakati wa kupokea mzigo, alinisikiliza kwa heshima na akakiri kuwa tawi halikufika na kontena. Naomba asiadhibiwe kwa kusema kweli.

Wako mteja,

Fundi Mkuu na mmiliki wa karakana,
Nyakato, Mwanza.

Viambatisho: nakala ya ankara, tangazo lenu, picha za vipimo vya venia kwenye kila mdomo, na makadirio ya fundi bati.