Shoga, mwambie asinunue hiyo miwani kwanza

Assalam aleikum shoga,

Voisi yako nimeipata, nimeisikiliza mara mbili, ile ya kwanza sikusikia kitu manake nilikuwa nacheka pale ulipomuigiza daktari. Pole lakini. Hilo goti lako tangu tunauza vitumbua Ngamiani lilikuwa linalia kama mlango wa banda, na sie tunasema mvua inakuja.

Sasa hii habari ya miwani. Kijana wako wa Muscat kaona video mtu kavaa miwani ya VR, ile ya kukuonesha dunia ya kuchora kama uko ndani yake, anafanyia mazoezi goti, anataka akununulie kabla hujaenda MOI, ile hospitali ya mifupa ya Muhimbili, kuwekewa goti la bandia, na we unaniuliza mie kwa kuwa ndo nilioivaa. Mwambie asubiri. Sababu nakupa, weka chai karibu.

Mie nilipasuliwa mwezi wa kwanza, theluji huku Minnesota imejaa mpaka mlangoni. Jioni ileile wakanisimamisha, ganzi haijaisha vizuri nishaambiwa tutembee mpaka chooni, nimeng'ang'ania kile kigari cha kushikilia kama mtoto anaejifunza. Hapo sikulia. Nililia wiki ya pili, kwenye kukunja. Manake oparesheni we umelala, wanaohangaika ni wao, kazi yako inaanza ukiamka. Goti limevimba kama boga, lina joto, halafu anakuja yule dada wa fizio, wa mazoezi ya viungo, na kirula chake cha kupima goti limekunja digrii ngapi, anakwambia leo 78, tunataka 90. Na ukizembea kovu la ndani linakaza, wapo ambao baadae inabidi wapigwe nusu kaputi tena goti likunjwe kwa nguvu. Mie nikisikia hivo ndo nazidi kukakamaa, akigusa kisigino tu paja zima linakuwa ubao. Akanambia mama, goti lako halina neno, linalotukwamisha ni woga.

Ndo akaleta hiyo miwani. Ni kidude kama ile miwani ya wazamiaji ila kizito, kina mikanda ya kuzunguka kichwa, na hapo vita vya kwanza vilikuwa na mtandio wangu, ukikaza mkanda mtandio unateleza, ukilegeza miwani inashuka puani, na miwani yangu ya macho nayo imo ndani humohumo. Tukamaliza kwa pini tatu.

Ukishaivaa chumba kinapotea. Nikajikuta nimekaa bustanini, nikigeuka nyuma bustani, juu mbingu, nikitazama chini mguu wangu siuoni, nauona mwingine wa kuchora, mwembamba, laini, nilitamani nibaki nao. Kwenye kifundo wamenifunga sensa kama saa, nikinyoosha goti ule mguu nao unanyooka unapiga mpira, nikikunja unarudi nyuma kuuvuta mwingine. Mipira inakuja, napiga, inahesabu yenyewe, na mie unanijua kwenye ushindani, nikasahau kama kuna watu nikaanza kuitukana mipira kwa Kiswahili. Kumbe kila mpira wa kuvuta wanausogeza nyuma kidogo kuliko ule wa kwanza, we huna habari, unakunja tu uufikie. Kama dakika 15 hivi. Navua, dada kapima, 91. Nikamwambia hebu pima tena hicho kirula chako kimelewa.

Usije ukaelewa kwamba sikuumia. Niliumia, na usiku wake barafu haikutosha. Ila pale kwenye kukunja sikuwa nayasubiri maumivu yaje, na kumbe kule kuyasubiri ndo nusu ya adhabu yenyewe. Binti yangu anasomea unesi, akanieleza kwamba mambo haya yalianza miaka ya 1990 chuo kikuu cha Washington kule Seattle, kwa watu walioungua moto. Kumbadilisha bandeji mtu alieungua ni mateso hata na dawa, sasa yule mtafiti Hunter Hoffman na wenzake wakawatengenezea dunia ya barafu, mgonjwa anapita kwenye bonde la theluji anarusha matonge kwa mapengwini huku kidonda kinasafishwa. Akili ikiwa na kazi nyingine inabaki na nafasi ndogo ya kusikiliza maumivu. Nikamwambia mwanangu mie theluji ninayo ya bure hapo nje na goti linauma vilevile.

Sasa ubaya wake. Siku ya tatu wakanibadilishia mchezo, nikawa kwenye mtumbwi, macho yanaona natembea na mwili umekaa kitini, weee, kichefuchefu kama boti ya Pemba mwezi wa saba. Wakaitoa. Na kusimama nayo bila mtu pembeni hata usithubutu, huoni sakafu, huoni paka, na msuli wa paja mwezi wa kwanza unakuwa umepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, ukianguka na goti jipya ni balaa jingine. We kwako mchana kutwa uko peke yako na wajukuu wanakimbia. Bima yangu ilikataa kulipia nije nayo nyumbani, nilinuna wiki nzima, lakini baadae nikaona afadhali.

Binti alinisomea pia tafiti. Kuna moja ya Italia ya 2020, waliotumia VR na waliofanya mazoezi ya kawaida maumivu yakaja kuwa sawa tu, ila wa VR walizidi kidogo kwenye ile hali ya mguu kujijua uko wapi. Na nyingine ya huku Marekani mwaka huohuo, wagonjwa 306, wengine wakafanyia mazoezi nyumbani mbele ya kamera na mwalimu wa kwenye skrini, bila miwani, baada ya wiki 12 wakawa sawa na waliokwenda kliniki na gharama ikawa ndogo. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba bila miwani utabaki kiwete.

Hiyo hela kijana aitume ya kumlipa mtu wa fizio aje nyumbani wiki 6 za mwanzo, na ya taksi, na friza itoe barafu. Mengine unayo. Mie hapa kilichonifikisha 112 ni kanga. Nakaa kitandani, naipitisha chini ya unyayo, navuta ncha zote mbili, kisigino kinateleza kuja kwangu, nahesabu mpaka kumi, naachia, asubuhi mchana na jioni. Kunyoosha nako usidharau, usilale na mto chini ya goti hata ukisikia raha namna gani, litagandia limejikunja.

Na ujue mapema, kutembea tu goti linataka digrii 65 hivi, ngazi 90 au zaidi, kuinuka kwenye kiti cha chini ni kama 105, sasa kile choo chenu cha kuchuchumaa kinataka zaidi ya hapo sana, na kukaa kwenye mbuzi ya nazi ndo usahau. Mwambie fundi aweke choo cha kukaa kabla hujaenda Dar, usingoje urudi. Mie mpaka leo nasalia kwenye kiti.

Ukimpata mtu wa kuja huku mpe kanga pisi moja, hii ya kwangu ilichanika Jumanne nikiwa navuta, nikajikuta nimelala chali na vipande viwili mkononi. Nyekundu kama unayo.

Wako