Blenda Haikuunguzwa na Somoe

Winnipeg, Kanada
Jumapili usiku, Januari

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Shikamoo Mjomba, maana najua na wewe upo, nimeomba uitwe. Somoe mdogo wangu, hujambo? Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ambayo bado inanichonyota. Sababu yake nitaieleza humu humu.

Ama baada ya salamu, mtajiuliza kwa nini naandika barua na simu zipo. Habari hii nikiiweka kwenye kundi la familia, kabla sijafika nusu wale wa Masasi watakuwa wameshaicheka na kuisambaza mpaka Newala. Nikipiga simu, Mama utanikatiza uniulize kama nimekula. Basi nimempa mtu anayekuja Dar es Salaam, naye ataipakiza kwenye basi la kusini mpaka iwafikie hapo Mikindani. Naomba aisome Somoe, kwa sauti, Mjomba akiwa ameketi. Na ile blenda iletwe, iwekwe mkekani mbele yenu. Kama jagi lake bado mnawekea pilipili, zimwageni kwanza kwenye ungo.

Nianze na kidole.

Mwezi uliopita nilihamia chumba kingine. Karibu na kitanda kuna soketi. Alhamisi jioni nikachomeka taa ya mezani, haikuwaka. Nikaipeleka jikoni, ikawaka. Basi soketi mbovu. Mtu mwingine angemwita fundi wa jengo, na hulipi hata senti. Lakini mimi mtoto wa fundi redio, niliyekuwa nikimshikia marehemu Baba bisibisi tangu sijang'oa meno ya utoto, nimwite mtu kwa ajili ya soketi? Nikatafuta bisibisi.

Soketi za huku hazina swichi pembeni kama zetu. Ni pa kuchomeka pawili tu, juu na chini, basi. Nilipoivuta kutoka ukutani nikakuta waya mwekundu, mweusi, mweupe, na mmoja wa shaba tupu. Nikatabasamu. Nyumba yetu imefungwa vipi? Mwekundu laini, ndio unaoleta moto; mweusi nyutro, ule wa kuurudisha. Mtoto wa Baba hilo halimpigi chenga. Nikagusisha tesita kwenye mwekundu: kimya. Nikajisemea, haya, moto haufiki, umekatika huko ndani ya ukuta. Mweusi sikuupima. Nyutro uipimie nini? Wala umeme wa chumba sikuuzima kule kwenye bodi. Baba alikuwa akizima kila mara, hata akibadilisha balbu, na mimi nilikuwa nikimwona mwoga.

Nikaushika mweusi niusogeze pembeni.

Mama, sikupiga kelele. Nilitamka neno moja la Kimakonde ambalo sijalisema tangu nilipotoka jandoni, kisha nikajikuta nimekaa kitandani na sikumbuki nimefikaje. Bisibisi tuliikuta baadaye uvunguni mwa kabati. Nasema tuliikuta kwa sababu ilibidi nimwite fundi hatimaye.

Akaja mzee mmoja Mfilipino, mpole, wa makamo ya Mjomba. Akaziangalia zile nyaya zinavyoning'inia, akaniangalia mimi, hakusema kitu. Akaenda kuzima kwenye bodi, akairudisha soketi mahali pake, akafunga skrubu zake, akawasha tena bodi, akachomeka taa yangu. Haikuwaka. Nikasema moyoni, si unaona? Akatembea taratibu mpaka mlangoni. Hapo mlangoni kuna swichi ambayo mimi nilikuwa nimeshaiona haina kazi, maana hakuna balbu ya darini inayoiwasha. Akaisukuma juu kwa kidole kimoja. Taa ikawaka.

Swichi ilikuwa chini, Mama. Kwetu swichi ikibonyezwa chini imewashwa. Huku chini ndiyo imezimwa, juu ndiyo imewashwa. Na swichi ile kazi yake ni kuwasha nusu ya soketi, ili mtu akiingia aiwashe taa ya mezani akiwa bado mlangoni. Ule waya mwekundu ndio unaotoka kwenye swichi, ndiyo maana tesita ilinyamaza. Mweusi unabeba moto muda wote kwa ajili ya nusu ya pili. Nyutro yao ni mweupe. Yote hayo yule mzee alinieleza huku anafungasha vifaa vyake, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kuvaa ndara.

Alipofika mlangoni akageuka, akaniuliza, "Kwenu umeme ni volti ngapi?"

Nikamwambia 230.

Akapiga mluzi. "Basi shukuru. Hapa ni 120 tu." Akaenda zake.

Nikakaa na hiyo 120 kichwani. Chai ikapoa. Usiku ule sikulala, na haikuwa kwa sababu ya kidole. Nitafika huko, lakini maji nimeshayavulia nguo, acheni niyaoge yote.

Kuna gari. Mnakumbuka nilivyowatumia picha mwezi wa kumi, nimeegemea mlango kama mbunge? Pale mbele, chini ya boneti, palikuwa pananing'inia waya wenye plagi kabisa, kama wa pasi. Nikaona huyu aliyeniuzia mchafu kweli, kaacha takataka zake zinaning'inia. Nikachukua koleo nikaukata. Nikafurahi gari limekaa kistaarabu. Kumbe magari ya huku yana hita ya injini, usiku unalichomeka gari kwenye umeme kama simu, kwa sababu baridi ikishuka mpaka 30 chini ya sifuri oili inakuwa nzito kama asali na injini haizunguki. Wiki ya kwanza ya Januari nilisimama nje alfajiri nikiwasha ufunguo, gari linakohoa mara moja na kunyamaza, jirani yangu akaja na kikombe chake cha kahawa akainama mbele kutafuta waya. Akakuta kipande. Kilichonitia aibu zaidi si hapo. Nilipokwenda kununua mwingine, muuzaji akaniuliza wa zamani umepatwa na nini. Nikamjibu, panya.

Na ule mkate wa kumimina, Mama. Nilikwambia mchele wa huku haufai. Mchele hauna kosa. Nilialika watu wanane siku ya Idi, wenzangu wa ghalani na Wakongo wawili wanaojua Kiswahili kuliko mimi ninavyojua Kifaransa. Mkaa wa juu na wa chini huku hakuna, kuna oveni. Nikasoma mahali kwamba nyuzi 180 zinatosha, nikaweka 180, nikaenda kuvaa kanzu. Baada ya saa nzima nafungua, unga uko vile vile, umepata joto tu kama mtoto mwenye homa. Nikaongeza nusu saa. Nikaongeza nyingine. Wageni wakala tende mpaka zikaisha. Oveni hii inahesabu kwa Farenhaiti, Mama, na 180 yao ni kama 82 yetu, hata maji hayachemki. Imeandikwa pale pale kwenye kitufe, herufi F, kubwa tu. Nilisema ni mchele. Kwa Wakongo nilisema ni hamira.

Sasa nimeziona hizo zimepangana, panya, mchele, hamira, na juu yao wote yupo Somoe.

Mwaka juzi, kabla ya Ramadhani, nilituma blenda ili Mama apumzike kukalia mbuzi kila alasiri kwa ajili ya tui la futari. Niliichagua mwenyewe, nyekundu, jagi la kioo. Miguu ya plagi za huku ni bapa, miwili, haiingii kwenye soketi zetu za matundu matatu, nami nikaliona hilo mapema na kutia adapta ndani ya boksi. Nilijiona fundi hasa. Adapta inabadilisha umbo la miguu tu. Umeme unapita kama ulivyo. Ilikuwa inatoka 230 yote ya ukutani na kuingia kwenye mota iliyotengenezwa kwa 120, karibu mara mbili ya uwezo wake.

Kilichonidanganya ni chaja. Chaja yangu ya simu nimeitumia Mikindani, nimeitumia Dubai uwanja wa ndege, nimeitumia hapa, haijawahi kunung'unika. Nikadhani ndivyo dunia ilivyo siku hizi. Nimekuja kuisoma juzi, imeandikwa 100 mpaka 240. Yenyewe imeundwa kula popote. Blenda siyo.

Na hili ndilo linaloniuma. Mnazikumbuka redio kaseti zilizokuwa zikiletwa kwa Baba, zile zinazotoka Uarabuni? Nyuma, karibu na pa kuchomekea waya, kulikuwa na kidude cha mviringo chenye mfereji katikati, upande mmoja kimeandikwa 110, upande mwingine 220. Kazi yangu ya kwanza kabisa kupewa ni hiyo. Kabla redio haijagusa umeme, mimi naipindua, natia bisibisi kwenye mfereji, nazungusha mpaka 220, namwonyesha Baba, ndipo anaichomeka. Nilikuwa na miaka saba. Mara moja nilisahau na transfoma ikanuka chumba kizima, na Baba alimlipa mwenye redio, wala hakumwambia kuwa ni mimi.

Somoe, wewe ulisema. Siku ile ile ulisema. Uliniambia kwenye simu, "Kaka, ililia vibaya, ililia kama inataka kuruka." Mota ya 120 ukiilisha 230 inalia hivyo hivyo, inazunguka kwa kasi isiyo yake, koili zinaungua, moshi unatoka kwa chini. Ulieleza kila kitu kama fundi, na mimi niliyeshika bisibisi miaka kumi sikusikia. Nilikujibu, "Umejaza nazi bila maji." Nikaongeza kwamba una haraka tangu utoto. Mama akakubali, maana mwenye kusema yuko Kanada. Mjomba akakaa, akaamua, na malipo ya korosho yalipotoka zikakatwa kwako shilingi 85,000. Na tangu hapo mtaa mzima unakuita Blenda. Hata mimi nimekuita hivyo. Siku ya kuzaliwa kwako mwaka jana nilikutumia ujumbe, "Hongera Blenda," na picha ya moshi.

Nisamehe, mdogo wangu. Sina la kuongeza hapo.

Mjomba, sikulaumu hata kidogo, ulihukumu kwa ushahidi uliopewa, na shahidi mkuu nilikuwa mimi. Ila nakuomba mbele ya Mama uifute hukumu ile. Zile 85,000 nimeshazituma kwenye simu ya Somoe leo asubuhi, na nyingine kama hizo juu yake. Mama asizikope. Mama, nakujua.

Blenda nyingine nitanunua, lakini nitanunulia huko huko. Nimeshaongea na mtu wa duka pale mjini Mtwara, Somoe aende akachague mwenyewe rangi. Hii ya zamani fundi akitaka mota yake kwa ajili ya shaba mpeni, jagi lake libaki na pilipili.

Sasa Somoe, kabla hujaendelea, weka barua chini. Ipindue blenda. Chini yake, kati ya miguu ya mpira, kuna kibandiko cha rangi ya fedha, huenda kimeshika masizi, kipanguse kwa ncha ya kanga. Mstari wa pili kuna namba, halafu herufi V. Isome kwa sauti. Isome tena, Mjomba sikio la kushoto halimsikii vizuri. Kisha mpe aishike mwenyewe, na miwani yake.

Wasalimieni wote, Bibi mpeni shikamoo yangu, na mtu akija huku mwezi wa tatu nifungieni ming'oko kidogo hata ikifika imekauka.

Mimi mwanao,
mwenye kidole.

N.B. Somoe, Alhamisi ile nilikupigia saa nne usiku za huku, kwenu kumekucha saa moja, nikakwambia ile pasi niliyomtumia Mama ikifika isichomekwe popote mpaka nitakapotoa ruhusa, ukaniuliza kwa nini, nikakata simu. Sasa unajua. Ipindueni na hiyo.