Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayevua gwanda

Mdogo wangu,

Habari za Texas? Huku sote wazima. Nimesikia kwamba mkataba wako wa miaka minne na jeshi la Marekani unaisha mwezi wa nane, na kwamba tayari kuna chuo kinakupigia simu kila wiki kikitaka uanze masomo mara tu utakapovua gwanda. Nakuandikia hadharani kwa sababu vijana wetu wengi wamepita au watapita njia hiyo hiyo. Wako walioingia jeshini na green card kama wewe, na wako walioandikishwa kwa mpango wa MAVNI kabla haujafungwa 2016, uliochukua hata wageni wasio na green card mradi wajue lugha zilizotakiwa, Kiswahili kikiwemo. Wote wameambiwa kwamba jeshi linalipa chuo. Namna linavyolipa ndiyo wachache wameelezwa, nami kazi yangu ya kila siku ni kukaa na maveterani wanaoanza chuo, nikisoma pamoja nao barua zao za VA, idara ya serikali ya Marekani inayowahudumia askari wa zamani.

Ninalotaka ulishike ni hili: Post-9/11 GI Bill, mpango wa serikali ya Marekani unaowalipia masomo waliotumikia jeshi, imekupa miezi 36 ya masomo, na kinachohesabiwa ni miezi, si dola. Ukikaa mwezi mzima kwenye chuo cha mtaani (community college) chenye karo ndogo, umetumia mwezi mmoja. Ukikaa mwezi kwenye chuo kikuu cha gharama kubwa, umetumia mwezi mmoja vile vile. Miezi 36 ni miaka minne ya masomo ya miezi tisa tisa, inatosha digrii ya kwanza kama hutapoteza hata muhula. Ikiisha, imeisha.

Wewe una haki kamili. Aliyetumikia miezi 36 au zaidi baada ya Septemba 10, 2001 hupata asilimia 100. Aliyetumikia siku 90 tu huanzia asilimia 50, na katikati kuna ngazi. Sharti ni uondoke kwa heshima, cheti kiseme Honorable. Wanaopewa cheti cha General, ngazi iliyo chini yake, wengi hudhani ni kitu kile kile kwa sababu VA bado inawatibu, kisha ombi la GI Bill linakataliwa. Ukipewa DD-214 yako, hati ya kuachishwa jeshi, usiiweke kwenye bahasha bila kusoma kila kisanduku: tarehe ulizoingia na kutoka, aina ya kuachishwa, jina lako limeandikwaje. Majina yetu ya baba na babu huwachanganya makarani wa huko, na ombi la mtu likakwama kwa sababu ya herufi moja.

Kwa asilimia 100, chuo cha umma kinalipwa karo yote ya mkazi wa jimbo, na kutokana na sheria ya 2014 vyuo vya umma vinavyopokea fedha za GI Bill haviruhusiwi kukutoza karo ya mgeni eti umehamia jana. Chuo cha binafsi kina kikomo cha mwaka kinachopangwa upya kila Agosti 1. Kinachozidi hapo unalipa mwenyewe, isipokuwa chuo kiwe kimejiunga na mpango wa Yellow Ribbon, ambapo chuo na VA hugawana sehemu ya kilichobaki au chote. Vitabu ni hadi dola 1,000 kwa mwaka. Hayo ndiyo mepesi.

Pagumu ni posho ya nyumba, maana hapo ndipo watu wanapofanya uamuzi wa maisha yao kwa ajili ya kodi ya mwezi mmoja. Kiwango chake ni kile cha sajenti wa daraja la E-5 mwenye familia, kwa msimbo wa posta wa chuo unakosomea, si wa mahali unapolala. Lazima usome zaidi ya nusu ya mzigo kamili. Mzigo kamili ukiwa krediti 12, yaani vipimo vya uzito wa masomo, anayesoma 6 hapati posho hata senti. Anayesoma 7 anapata asilimia 60. Anayesoma mtandaoni tupu hupewa nusu ya wastani wa taifa. Ndiyo maana nawahimiza wote wachukue angalau somo moja la darasani: hilo moja linakurudisha kwenye kiwango cha chuo chako.

Sasa chukua kalamu. Tuseme posho yako ni dola 2,100. Muhula unaisha Desemba 12. Posho hulipwa mwezi ukishaisha, na kwa siku ulizosoma tu, mwezi ukihesabiwa siku 30. Kwa hiyo mwanzoni mwa Januari utapokea ya siku 12, dola 840. Muhula mpya unaanza Januari 20. Mwanzoni mwa Februari utapokea ya siku 11, dola 770. Mwenye nyumba wako anataka kodi nzima Januari na Februari pia. Posho kamili utaiona tena Machi. Kiangazi ukipumzika, hakuna kitu. Na hata mwanzo wenyewe uko hivyo: ukianza Agosti 26, Septemba utapata ya siku tano.

Nakuandikia hesabu hii nikijua hali ya nyumbani. Ukimwambia mama mdogo kwamba unapata dola 2,100 kila mwezi, atapanga: mabati ya nyumba ya Kilifi, matibabu ya babu, mchango wa harusi ya Desemba. Desemba hiyo hiyo. Si kwamba usitume. Tuma, lakini waeleze tangu mwanzo kwamba huu si mshahara, kuna miezi utakuwa mikono mitupu, na weka akiba ya kodi ya miezi miwili kabla hujavua gwanda, ungali na mshahara wa jeshi.

Na lile la kumhamishia kaka yako aliyeko Eldoret haki yako ya masomo. Haiwezekani. GI Bill huhamishiwa mke, mume au watoto tu, tena kwa askari aliyetumikia miaka sita na kukubali minne zaidi, na ombi lazima lifanywe angali jeshini. Kaka, dada, wazazi, hawamo. Mwambie mama mdogo wewe mwenyewe, kwa upole, asije akasikia kwa watu na kudhani unamficha.

Kuhusu chuo kinachokupigia simu: sijui ni kipi, lakini najua kwa nini vyuo vya binafsi vinavyoendeshwa kwa faida huwatafuta maveterani. Sheria ya Marekani inavitaka vipate angalau asilimia 10 ya mapato nje ya fedha za misaada ya wanafunzi ya serikali kuu, na kwa miaka mingi GI Bill ilihesabiwa kama pesa za nje ya hizo. Kila veterani mmoja alikifungulia chuo nafasi ya kuchukua wanafunzi wengine tisa wa misaada. Mwanya huo ulizibwa na sheria ya 2021, ikaanza kutumika 2023, ila mazoea ya kuwapigia simu hayajaisha. ITT Technical Institute, chuo kimoja cha aina hiyo, ilifunga milango Septemba 2016, na maveterani waliokuwa wakisoma humo wakabaki na krediti ambazo vyuo vingi havikuzipokea. Ilibidi sheria nyingine, ya Agosti 2017, iwarudishie miezi. Hiyo ya 2017 ndiyo pia inayokulinda wewe: aliyetoka jeshini Januari 1, 2013 au baadaye hana tena ule muda wa mwisho wa miaka 15 wa kuitumia GI Bill. Kwa hiyo anayekuambia ujisajili wiki hii usije ukakosa, anakuharakisha kwa faida yake.

Muulize maswali haya: krediti zenu chuo kikuu cha jimbo kinazipokea? Wanafunzi wangapi wanamaliza? Halafu uhakikishe majibu yake mwenyewe kwenye GI Bill Comparison Tool ya VA, inayoonyesha karo, posho na malalamiko ya kila chuo.

Kuna njia ya kuokoa miezi. Kwanza, agiza Joint Services Transcript, inayoorodhesha mafunzo yako ya jeshi kwa lugha ya krediti, uipeleke chuoni. Pili, jaza FAFSA, fomu ya kuomba misaada ya wanafunzi ya serikali kuu, hata kama una GI Bill. Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu inayoombwa kwa fomu hiyo, haipunguzwi na posho yako, na kwa mwaka wa masomo 2024–25 ilifika dola 7,395, kiasi ambacho kwenye vyuo vingi vya mtaani kinamaliza karo yote. Ukiweza kufanya kazi mwaka mmoja huku ukisoma kwa Pell, miezi yako 36 inabaki mizima kwa chuo kikuu, na inayosalia unaweza kuitumia kwa shahada ya pili. Najua ni vigumu kuiacha posho mwaka mzima. Wenye watoto siwashauri hivyo. Wewe huna, na una ndoto ya uhandisi.

Tena usiliache somo katikati bila kuniuliza. VA inaweza kukudai karo na posho tangu siku ya kwanza ya muhula. Na kila mwezi watakutumia ujumbe wa simu kuuliza kama bado unasoma, ujibu. Ukiacha miezi miwili mfululizo, posho inasimama.

Watakaokuambia kwamba huu ni msaada, usiwasikilize. Ni malipo ya kazi uliyofanya. Sheria ya kwanza ya aina hii ilitiwa saini na Rais Roosevelt Juni 22, 1944, na maveterani wapatao milioni 2.2 walisoma vyuoni kwayo, lakini askari weusi wengi wa majimbo ya kusini walizungushwa na makarani na kufungiwa milango ya vyuo vya wazungu. Walikuwa wamepigana vita vile vile. Kwa hiyo dai lote linalokuhusu, na karani akikuambia haiwezekani, mwombe akupe jibu kwa maandishi.

Mwisho, fomu. Ni namba 22-1990, inajazwa mtandaoni. Kama mwaka wako wa kwanza ulikatwa dola 100 kila mwezi kwa miezi 12, ulikuwa umeandikishwa Montgomery GI Bill, mpango wa zamani zaidi, na fomu itakuuliza ni haki ipi unaiacha ili upate Post-9/11. Uchaguzi huo haurudishwi nyuma. Kwa mwenye vipindi viwili tofauti vya utumishi, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua Aprili 2024 kwamba anaweza kupata hadi miezi 48 bila kuacha chochote, lakini wewe una kipindi kimoja. Ukifika kwenye swali hilo, usibonyeze kitu. Nipigie, saa yoyote, tulisome pamoja.

Dada yako