Salma, fomu ya chuo utajaza mwenyewe

Mabibo, Dar es Salaam

Mwanangu Salma,

Asalaam aleikum. Hapa nyumbani wote wazima, ila bibi yako magoti yanamsumbua. Barua hii anakuletea mjomba wako, ana mzigo wa Mbeya na kambi yenu ya Jeshi la Kujenga Taifa hapo Mafinga, mnakosubiri matokeo ya kidato cha sita, ni njiani kwake. Amebeba sweta mbili, soksi, sabuni za mche na mafuta ya nazi. Sweta ya kijani ni ya kulalia, usiivae kwenye kazi za mikono ukaichana.

Shangazi yako amenifikishia ujumbe wako: "Mwambie mama anijazie tu, si ana steshenari, aweke Udaktari Muhimbili kila mahali." Salma, sikujazii. Nitakulipia, nitakuchapia, nitakupangia karatasi zote kwenye bahasha. Kujaza utajaza wewe, na neno la siri utaliweka wewe bila mimi kuliona. Najua umenuna hapo ulipo. Soma kwanza.

Kila chuo unachoomba kinakufungulia akaunti, na akaunti hiyo inashikwa na namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya simu na barua pepe. Msimu wa maombi foleni inafika barabarani, na kijana wa steshenari anafanya lililo rahisi kwake: anaweka namba yake ya simu, anafungua barua pepe kwenye simu yake, neno la siri anatumia moja kwa wateja wote. Mtoto wa watu analipa, anapewa karatasi, anaondoka amefurahi. Majina yanatoka, kachaguliwa vyuo viwili. Sasa anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwa meseji au barua pepe, kwa siku chache zinazotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Meseji imeingia kwenye simu ya kijana, na kijana yuko msibani kwao Tandahimba. Huyo mtoto ufaulu anao, chuo kimemtaka, lakini mlango wa kwake ufunguo anao mtu mwingine. Hicho ndicho ninachokiogopa kwako, na nitakirudia mpaka uchoke kukisoma.

Na laini yako ya simu ndiyo inaninyima usingizi zaidi. Hiyo unayotumia imesajiliwa kwa alama za vidole za kaka yako Idrisa. Ikipotea, wewe huwezi kuirudisha. Ataitwa yeye na kitambulisho chake. Kila muhula ulikuwa unabadilisha laini kwa ajili ya vifurushi, nikanyamaza, lakini mchezo huo uishe sasa. Ukitoka kambini, kabla ya chuo chochote, sajili laini kwa jina lako, na hiyo ndiyo utakayoandika kwa vyuo, kwa Bodi ya Mikopo, kwa benki, mpaka umalize shule. Barua pepe ifungue kwa laini hiyohiyo, yenye jina lako la kawaida. Ile uliyofungua kidato cha tatu yenye maneno ya kitoto usimwonyeshe mtu wa udahili.

Namba yako ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, nimeiangalia. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Linganisha na cheti cha kuzaliwa. Yako inalingana, alhamdulillahi. Jina ndilo lina kasoro: cheti cha kuzaliwa kina majina matatu kamili, cha kidato cha nne jina la katikati limebaki herufi moja tu. Usiseme ni jambo dogo. Mfumo hausomi sura yako, unasoma herufi. Nimeshaongea na wakili pale Manzese, ukifika utaapa mbele yake kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, tupate hati yenye muhuri. Mimi siwezi kukuapia.

Cheti cha kuzaliwa nimekipeleka RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, kuhakikiwa kwa njia ya mtandao, maana Bodi ya Mikopo inataka namba ya uhakiki, nakala ya cheti peke yake haitoshi. Hapa ndipo wengi wanapochelewa. Dirisha la mkopo mara nyingi linafunguka kabla hata matokeo hayajatoka, watu wanasubiri matokeo, halafu wote wanakimbilia RITA wiki moja.

Fomu ya mkopo ina hatua zake, zikae kichwani. Unalipia shilingi 30,000 kwa namba ya malipo, unajaza mtandaoni, unachapa, unasaini. Mdhamini anasaini na kubandika picha. Unaipeleka serikali ya mtaa wapige muhuri, kisha kwa wakili au hakimu, halafu unaskani kurasa zilizosainiwa na kuzirudisha kwenye mfumo. Karatasi nyingi zinakwama mahali pale pale: muhuri umefunika saini, picha ya mdhamini haipo, ukurasa umepigwa picha ya simu usiku kwenye taa mbaya mpaka maandishi hayasomeki, au umeingizwa kichwa chini. Baada ya kuingiza, fungua ulichoingiza ukisome wewe mwenyewe hadi mwisho, ndipo ubonyeze kutuma. Na namba ya kidato cha nne uliyotumia kuomba chuo ndiyo hiyohiyo utumie kuomba mkopo. Mwenzako Mwanaidi alirudia mtihani, ana namba mbili. Mwambie achague moja na aing'ang'anie kote. Akiomba chuo kwa moja na mkopo kwa nyingine, mifumo haitajua kuwa ni yeye.

Mdhamini ni baba yako mkubwa, amekubali. Mpigie kumshukuru, usisubiri uhitaji saini.

Sasa hili la Udaktari kila mahali. Mwanangu, najivunia uliyofanya kidato cha nne, na hata wateja wangu wanajua daraja lako kwa sababu cheti kimetundikwa ukutani. PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, umeisoma kwa jasho, na nani alikusukuma uichukue tusiulizane leo. Lakini anayejaza fomu ndiye anayechagua. Mimi nikikaa kwenye kompyuta nikaona chaguo la kwanza lina ushindani mkali, nitakuwekea ninachokipenda mimi. Kijana wa dukani atakuwekea kinachotokea juu kwenye orodha. Halafu miaka mitatu, minne au mitano uisome wewe.

Matokeo yakitoka, anza na hesabu. A ni pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kuingia shahada kwa jumla unatakiwa uwe na principal mbili, yaani masomo makuu mawili uliyopata kati ya A na E, zenye jumla ya pointi 4 katika masomo yanayohusika na kozi. BAM, ile hisabati ya nyongeza, na General Studies hazimo humo, hata ukipata alama nzuri. Kisha fungua mwongozo wa udahili wa Tume. Kila kozi ina sifa za kuingilia, pointi za chini, miaka ya kusoma na idadi ya nafasi. Watu wanasoma safu ya sifa na kufunga kitabu. Wewe soma ya nafasi. Kiwango cha chini kinakupa ruhusa ya kuomba tu. Wakiomba wengi wenye alama kubwa, nafasi zinajaa kutoka juu. Hao wanaolia kwamba walitimiza vigezo na hawakuchaguliwa, walitimiza kweli.

Kwa hiyo omba vyuo vitatu au vinne, sio kimoja, na chaguo ndani ya kila chuo zisiwe za aina moja. Udaktari Muhimbili weka, sikukatazi, weka juu kabisa. Chini yake weka Famasi au Uuguzi. Chuo kingine, weka Tiba ya Mifugo pale Sokoine Morogoro, wewe ambaye tangu zamani kuku wakiumwa hulali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina kozi za baiolojia zinazofaa kwa PCB. Na mahali pamoja weka kozi ambayo kwa alama zako haiwezi kukukosa, lakini uwe tayari kuisoma kweli. Usijaze nafasi ya mwisho kwa kozi usiyoijua hata jina lake, maana ndiyo huwa inakuja. Vyuo vingi ada ya maombi ni shilingi 10,000 kila kimoja, hiyo nimeitenga. Ila ikitokea duniani alama zimeshuka, njia ya stashahada kupitia vyuo vilivyosajiliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, ipo, na mtu anapanda hadi shahada akitokea huko. Usijifiche chumbani siku ya matokeo.

Tena usiangalie kozi peke yake, angalia kinachokuja baada yake. Daktari anasoma miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini ndipo apate usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Mfamasia ana baraza lake. Idrisa akimaliza uhandisi atasajiliwa na Bodi ya Wahandisi kama mhandisi mhitimu na kufanya kazi chini ya usimamizi kabla ya kuitwa mhandisi kamili. Binti wa jirani aliyesoma sheria ameshangaa kuambiwa kuna Shule ya Sheria baada ya shahada, na yenyewe ina ada. Swali la kuuliza kabla ya kuchagua ni hili: nikimaliza, nani ananipa leseni, inachukua muda gani, na nitakula nini muda huo? Mkopo nao unarudishwa. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Kwenye milioni moja ni 150,000. Chukua unachohitaji, na uelewe ulichosaini.

Kuna na ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofanya vizuri zaidi kwenye sayansi kidato cha sita. Ukiwa kwenye majina, soma masharti mwenyewe. Kwa hali yoyote mkopo omba, usiukalie ukitegemea ufadhili.

Wakija watu wa vyuo au wa Bodi hapo kambini kuelimisha, kaa mbele na uulize. Wakitoa kompyuta mjaze hapo hapo, jaza tu kama laini na barua pepe ni vyako. Kama si vyako, subiri, dirisha halifungwi siku moja. Mwenzako akisema "nipe neno lako la siri nikumalizie," mwambie mama amekataza. Hata afande akiwa na nia njema, mshukuru kwa adabu na uandike kwa mkono wako. Neno la siri liandike kwenye daftari lile gumu, sio nyuma ya karatasi ya chakula kama ulivyozoea.

Ukishaanza chuo, fedha ya chakula na malazi ya Bodi inahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku na inaingia kwa awamu. Ya kwanza haiji kwa sababu una njaa: lazima usajiliwe na uweke alama za vidole. Kwa hiyo utaondoka hapa na fedha ya mwezi mzima mkononi, pamoja na bima ya afya ya mwanafunzi 50,400 na ada ya Tume 20,000, hivyo viwili ni vya mwaka mzima. Nimeanza kuweka kwenye kikoba. Godoro usiwaze, tutanunua huko huko chuoni yanapouzwa na wanaomaliza, au kama ni hapa Dar utalala kwako.

Muhula wa kwanza ndio unaowadondosha watoto wazuri. Shule ulikuwa unaamshwa na kengele, chuo hakuna anayekuamsha. Vyuo vingi alama 40 zinatoka kwenye kazi na majaribio ya muhula na 60 kwenye mtihani wa mwisho, kwa hiyo anayeanza kusoma wiki ya mtihani ameshapoteza sehemu kubwa. GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo, inapimwa juu ya 5, na waajiri wengi wanaiangalia 3.5 kwenda juu. Ukiianza na 2.6 utaivuta miaka yote. Nafasi ya mafunzo kwa vitendo tafuta mapema na kwa miguu yako, barua ya chuo mkononi, usingoje mjomba akuulizie.

Huku maji yanatoka Jumanne na Ijumaa, tumenunua simtanki nyingine. Idrisa amepaka rangi chumba chako bila kuulizwa, ila ametumia rangi ya bluu ile ile ya mlango. Kuku mweupe anaatamia, mayai kumi na mawili. Printa ya rangi inakula karatasi, fundi amesema ni rola, atakuja wiki ijayo. Fatuma wa darasa la sita anataka kuhamia kwenye kitanda chako, nimemwambia akuombe wewe.

Ukiandika jibu mpe mjomba akirudi, atapita hapo siku ya tatu au ya nne kutoka leo. Niandikie majina ya kozi tano unazozitaka kwa moyo wako, bila kunifurahisha, na mbele ya kila moja sababu moja. Niandikie pia kama ile ngozi ya visigino imepona, maana mafuta niliyotuma ni ya kupaka usiku na soksi juu yake.

Mama yako