Barua kwa Mhariri: Mchezaji bora wa kriketi wa zama hizi ni mrushaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nichangie mjadala kuhusu nani anastahili kuitwa mchezaji bora wa kriketi wa zama hizi. Wengi huanza na Sachin Tendulkar wa India na kuishia naye. Wengine humtaja Brian Lara wa West Indies, na walio vijana zaidi humtaja Virat Kohli wa India. Wote watatu ni wapigaji. Nawaheshimu kwa kiasi kikubwa, lakini naamini kwa dhati kwamba heshima hiyo ni ya Muttiah Muralitharan wa Sri Lanka, na ninasikitika kuona jina lake likitajwa pembeni tu, kana kwamba kazi ya mrushaji ni kumpa mpigaji mpira wa kuupiga.

Ushindi katika mechi ya testi, yaani mechi ndefu ya hadi siku tano ambamo kila timu hupiga zamu mbili, haupatikani kwa kulundika mikimbio, yaani alama za wapigaji, peke yake. Timu inaweza kupata mikimbio 600 na bado mechi ikaisha sare baada ya siku tano, kwa sababu, isipokuwa pale wapinzani wanapoamua wenyewe kuifunga zamu yao, ni lazima iwatoe mara mbili, yaani ipate wiketi 20 (kila mpigaji anayetolewa ni wiketi moja, na zamu ina wiketi 10). Mpigaji hodari huizuia timu yake isishindwe na huiwekea msingi, lakini anayeuleta ushindi wenyewe ni yule awezaye kuzipata wiketi hizo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ziara ya West Indies nchini Sri Lanka mwishoni mwa mwaka 2001. Katika mechi tatu Lara alipata mikimbio 688, na katika mechi ya mwisho mjini Colombo akapata 221 katika zamu ya kwanza na 130 katika zamu ya pili. Ni vigumu kumdai mpigaji zaidi ya hapo. Hata hivyo West Indies walishindwa mechi zote tatu, na hiyo ya mwisho walishindwa kwa wiketi 10, yaani wapinzani walifikia lengo bila kupoteza mpigaji hata mmoja, kwa sababu upande wa pili walikuwapo warushaji Muralitharan na Chaminda Vaas. Tendulkar naye yalimkuta mjini Chennai mwaka 1999 dhidi ya Pakistan: alipiga mikimbio 136 huku mgongo ukimuuma, akatolewa India ikihitaji 17 tu, na wenzake waliobaki wakaanguka wote kwa mikimbio minne. Sioni kosa lake hata kidogo. Nasema tu kwamba mpigaji, awe bora namna gani, humaliza kazi yake na kukaa kuwatazama wengine wakiamua mechi.

Sasa tuutazame uwanja wa The Oval, London, Agosti 1998. Uingereza walikuwa wamezoea kuwapa Sri Lanka mechi moja tu ya testi katika ziara nzima. Walianza kupiga wao, wakapata mikimbio 445, jumla ambayo kwa kawaida humhakikishia mtu walau sare. Muralitharan alichukua wiketi 7 katika zamu hiyo. Sri Lanka wakajibu kwa 591, na Uingereza waliporudi kupiga, mrushaji huyo huyo akachukua wiketi 9 kwa mikimbio 65. Wa kumi kati ya wapigaji waliotolewa, nahodha Alec Stewart, hakutolewa na mrushaji yeyote, bali alinaswa akikimbia. Jumla ni wiketi 16 katika mechi moja, na Sri Lanka wakashinda kwa wiketi 10 kwenye ardhi ya wenyeji wao. Sijui mpigaji wa zama hizi aliyeibeba timu yake kwa namna hiyo tangu mwanzo wa mechi hadi mwisho.

Wala haikuwa bahati ya siku moja. Alipostaafu Julai 2010 alikuwa na wiketi 800 katika mechi 133, yaani wiketi 6 kwa kila mechi, na mara 67 alichukua wiketi 5 au zaidi katika zamu moja. Shane Warne, mrushaji wa Australia ambaye wengi humweka mbele yake, alifanya hivyo mara 37 katika mechi 145. Katika mechi 54 alizocheza zikaisha kwa ushindi, Muralitharan alichukua wiketi 438, zaidi ya 8 kwa kila mechi.

Wanaompinga husema kwamba alijinufaisha kwa timu dhaifu. Ni kweli kwamba wiketi 176 alizipata dhidi ya Zimbabwe na Bangladesh. Ziondoeni zote: zinabaki 624 katika mechi 108, bado karibu 6 kwa mechi, kwa wastani ulio chini ya mikimbio 25 kwa wiketi (kwa mrushaji, wastani mdogo ndio bora). Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba nchini Australia alipata wiketi 12 tu katika mechi 5, na India pia ilimtesa. Hilo nalikubali. Lakini Warne mwenyewe aliteswa India, ambako wastani wake ulizidi 43, na alikuwa na mrushaji mwenzake Glenn McGrath wa kumsaidia upande wa pili. Ukimwondoa Vaas, Muralitharan kwa miaka mingi hakuwa na mwenzake wa kiwango cha namna hiyo. Hilo lilimwachia wiketi nyingi zaidi za kugombea, naam, lakini pia lilimfanya arushe ova (zamu ya mipira sita) baada ya ova pale ambapo Warne angepumzika.

Lipo suala la mkono wa Muralitharan, ambalo kwangu ndilo lililomnyima haki yake. Alizaliwa na kiwiko kisichonyooka kabisa. Tarehe 26 Desemba 1995 mjini Melbourne, mwamuzi Darrell Hair alimhukumu mara saba kwamba anautupa mpira badala ya kuurusha, yaani anakunjua kiwiko anapouachia, mbele ya umati mkubwa wa watazamaji. Mwaka 1999 mjini Adelaide hukumu kama hiyo ilimfanya nahodha Arjuna Ranatunga awaongoze wachezaji wake hadi ukingoni mwa uwanja, na mchezo ukasimama. Muralitharan alikubali kupimwa maabara si mara moja, na hata mkono wake ulifungwa kifaa kigumu kisichoruhusu kiwiko kukunjuka, naye bado akauzungusha mpira vilevile. Kamera za kisasa zilipotumika kuwachunguza warushaji wengine, ilibainika kwamba karibu wote hukunjua kiwiko kwa kiasi fulani, wakiwamo waliosifiwa kwa usafi wa mtindo wao, ndipo kikawekwa kikomo cha kukunjua kiwiko cha nyuzi 15 kwa wote. Wanaosema kwamba sheria ilipindishwa kwa ajili yake wanasahau kwamba bila kikomo hicho wangefungiwa wengi.

Mtu pekee ninayeona ugumu kumweka nyuma yake ni Jacques Kallis wa Afrika Kusini, aliyepata mikimbio 13,289, wiketi 292 na kudaka mipira 200 katika mechi za testi. Anayesema kwamba mchezaji bora ni yule anayeweza kila kitu ana hoja nzito kuliko ya wanaomtetea Tendulkar. Hata hivyo wiketi za Kallis hazifiki 2 kwa mechi, na katika kupiga peke yake walikuwapo wa kulinganishwa naye wakati ule ule. Kwa Muralitharan hali ni tofauti: mrushaji James Anderson wa Uingereza alicheza mechi 188 akaishia wiketi 704, na katika testi hakuna mwingine aliyefika 800.

Wako mwaminifu,
Msomaji na mpenzi wa kriketi